Mchezo Unaochezeka Mtunzi Akiwa Hayupo

Kabla hujamfundisha kijana kutunga mchezo wa uhusika, mkalishe kwanza aucheze. Vijana wetu wengi wanazijua ludo, karata, drafti na bao, na wenye simu wanaijua michezo ya simu. Katika mingi ya hiyo kuna mshindi, na zamu ikifika mchezaji huchagua kati ya hatua chache zilizoruhusiwa. Mchezo wa uhusika hauendi hivyo. Watu wanne au watano wanazunguka meza. Mmoja wao ni msimulizi: anaeleza mahali, hali ya hewa, na watu wanaokutwa njiani. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, naye husema mhusika huyo anafanya nini, lolote lile. Jambo likiwa na mashaka, dadu hurushwa, na namba iliyotoka humlazimisha kila aliyepo kuendelea na hadithi ambayo hakuna aliyeipanga. Mshindi hayupo. Kuna safari iliyofika au iliyopotea, na kuna watu watakaokuwa bado wanaizungumzia kesho yake.

Watoto wanaocheza baba na mama uani wameshafanya nusu ya kazi hii bila kufundishwa na mtu. Nusu iliyobaki ni kanuni, na hiyo ndiyo unayokwenda kuifundisha.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mkutubi, mlezi wa klabu au mzazi mwenye vijana wa miaka 13 hadi 18. Shabaha yake ni moja: kila kijana, au kila kikundi cha watatu, amalize mchezo mdogo ulioandikwa vizuri kiasi kwamba watu wasiomjua wauchukue, wausome, waucheze, yeye akiwa nyumbani kwao amelala. Kuchapisha kuna maana hiyo. Mchezo unaomhitaji mtunzi asimame pembeni akisema "hapana, nilimaanisha hivi" bado haujachapishwa, hata ukipigwa chapa ya rangi na kuvalishwa jalada gumu.

Waeleze mapema kwamba kazi hii haikuanzia kwenye makampuni makubwa, maana wengi wanaamini hivyo na imani hiyo huwafunga mikono. Dungeons & Dragons, mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000 tu: vijitabu vitatu vyembamba ndani ya boksi, vilivyopangwa kwa mikono nyumbani. Mwaka uliofuata Ken St. Andre, mkazi wa Arizona, alitoa Tunnels & Trolls kwa sababu alitaka mchezo rahisi zaidi unaotumia dadu za kawaida za pande sita. Dungeons & Dragons hudai dadu za pande nne, nane, kumi na mbili hata ishirini, na hizo huzipati katika duka la mtaani Mwanza wala Kisumu. Dadu za ludo utazipata.

Wachezeshe nini

Mikutano miwili ya mwanzo msiandike chochote. Chezeni. Chagua michezo mifupi ambayo kanuni zake zinaonekana kwa macho, uisome wewe kwanza, kisha uiendeshe kwa Kiswahili.

Lasers & Feelings wa John Harper, uliotoka 2013, umeingia wote katika ukurasa mmoja. Wahusika ni wafanyakazi wa chombo cha anga, na kila mchezaji huchagua namba moja tu kati ya 2 na 5. Akifanya jambo la akili na mitambo, dadu inatakiwa itoke chini ya namba yake. Akifanya jambo la moyo na maneno, inatakiwa itoke juu yake. Aliyechagua 5 ni fundi hodari asiyejua kuongea na watu, aliyechagua 2 kinyume chake. Namba moja imeshamchora mtu mzima, na kijana akiliona hilo ameelewa jambo ambalo maelezo ya saa nzima yasingempa.

Honey Heist wa Grant Howitt, wa 2017, ni wa dubu waliopanga kuiba asali kwenye maonyesho. Kila dubu ana namba mbili, moja ya udubu na moja ya ujambazi, zote zinaanzia 3. Mambo yakienda vizuri au vibaya, moja hupanda na nyingine hushuka, na yoyote ikifika 6 mhusika huyo ameshapotea: ama mnyama amemshinda, ama amewasaliti wenzake. Vijana hucheka sana. Wanapocheka waulize kicheko kimetoka kwenye kanuni gani.

The Quiet Year wa Avery Alder, pia wa 2013, hauna msimulizi wala mhusika wa mtu mmoja. Wachezaji wote ni kijiji kimoja, wanachora ramani ya kijiji hicho kwa mwaka mzima, na karata 52 ni wiki 52. Kila aina ya karata ni majira yake. Ukiuendesha huku, kopa, uru, pau na shupaza zinaweza kuwa masika, kipupwe, vuli na kiangazi, na maswali ya kila karata mkayageuza yafuate mvua zenu.

Kuna pia Dread, wa 2005, mchezo wa kutisha usio na dadu kabisa. Penye hatari mchezaji huchomoa kipande kwenye mnara wa Jenga, na mnara ukianguka mhusika wake ameondoka. Jenga yenyewe ilibuniwa na Leslie Scott, aliyekulia Afrika Mashariki, akaipa jina la Kiswahili na kuizindua London mwaka 1983. Seremala yeyote wa mtaani atakukatia vipande 54 vya mbao laini. Sina hakika kama ningeuchezesha kwa watoto wa miaka 13, lakini kwa wa 17 unafundisha kitu kimoja kwa nguvu sana: chombo cha mchezo, kiwe dadu au mnara, ndicho kinacholeta hisia mezani. Mkono ukitetemeka, hofu si ya kuigiza tena.

Kila mchezo ukiisha uliza swali hili, na usikubali jibu la haraka: ni kanuni ipi iliyokufanya useme jambo ambalo usingelisema? Waandike majibu yao. Hayo ndiyo masomo ya kwanza ya utunzi.

Udogo kwanza

Mara utakapowapa karatasi, kijana mmoja atakuja na falme kumi na mbili, miungu arobaini na ramani ya bahari tatu. Usimkatize. Ulimwengu huo ni mali yake na huenda siku moja akauandika. Mwambie auhifadhi kwenye daftari, kisha akuchezeshe saa mbili tu za ulimwengu huo: ni usiku gani, mahali gani, watu wangapi, wanataka nini, nani anawazuia. Saa hizo mbili ndizo mchezo wake wa kwanza.

Weka mipaka na uisimamie: karatasi moja ya A4 mbele na nyuma, wachezaji watatu hadi watano, dadu mbili za pande sita, mchezo mmoja wa saa mbili. Mpaka huu unawakera siku ya kwanza. Ifikapo wiki ya sita, waliouheshimu ndio walio na kitu mkononi.

Kuhusu mahali pa hadithi, vijana wengi wataanza na mazimwi na makasri ya Ulaya, kwa kuwa hayo ndiyo waliyoyaona kwenye filamu. Usiwakataze, ila wadai maelezo. Muulize kasri hilo linapata wapi maji, nani anapika, sakafu yake inanuka nini. Atakwama. Kisha muulize maswali hayohayo kuhusu stendi ya mabasi ya mji wake, mnada wa ng'ombe, diko la wavuvi, au machimbo ya Mirerani, na majibu yatamtoka bila kufikiri. Historia nayo ina akiba kubwa. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akaukuta mji wenye sultani na misikiti. Mwaka 1505 merikebu za Francisco de Almeida zikafika na kuupora. Kijana anayetaka mfalme, hazina, bahari na adui mwenye mizinga anavipata vyote pale, tena kwa maelezo ambayo hakuna mtunzi wa mbali atakayemzidi. Mwaka 2002 kampuni ya Marekani iitwayo Atlas Games ilichapisha Nyambe, kitabu cha kuchezea katika bara la kubuni lililochotwa kwenye visa vya Afrika. Wamarekani wamekwisha kujaribu kutuandikia. Vijana wetu wana haki ya kuandika vyao, na nadhani wataandika vizuri zaidi.

Hesabu za dadu

Hapa mwalimu wa hesabu atafurahi. Chora ubaoni jedwali la sita kwa sita, dadu moja juu, nyingine pembeni, na kila kijana ajaze jumla. Watahesabu wenyewe kwamba kati ya njia 36, saba inatoka kwa njia sita, na mbili kwa njia moja tu. Kuanzia hapo wanaweza kupima kanuni yoyote badala ya kubahatisha.

Mpango mmoja mzuri wa kuanzia ulienezwa na Apocalypse World ya Vincent na Meguey Baker, ya 2010. Mchezaji hurusha dadu mbili na kuongeza namba ya mhusika wake. Akipata 10 au zaidi amefanikiwa. Akipata 7 hadi 9 amefanikiwa lakini kwa gharama. Akipata 6 au chini mambo yanaharibika. Mhusika asiye na nyongeza anafanikiwa kikamilifu mara 6 kati ya 36, anafanikiwa kwa gharama mara 15, anaharibikiwa mara 15. Mwenye nyongeza ya 1 ana mara 10, 16 na 10. Mwenye nyongeza ya 2 ana 15, 15 na 6. Waache wazitazame namba hizo kimya. Nyongeza ya 2 tu imekwisha kumfanya mtu kuwa bingwa. Kijana aliyempa shujaa wake nyongeza ya 5 aone mwenyewe kwamba jumla ya chini kabisa ni 7, kwa hiyo shujaa huyo haharibikiwi kamwe, na dadu zimebaki pambo.

Dadu mbili zina matumizi mengine ambayo vijana wenye haya huyapenda. Zisome kama makumi na mamoja, si kwa kujumlisha, upate namba 36 kuanzia 11 hadi 66. Kila namba ipewe jambo: abiria waliomo kwenye basi, vitu vilivyookotwa ufukweni, habari zilizosikika kwa kinyozi. Kijana asiyethubutu kusimulia mbele ya watu anaweza kuandika mistari 36 ya namna hiyo, na jedwali lake likaubeba mchezo wa wenzake.

Kuandika kanuni

Sehemu hii ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo utakayoipa muda mrefu zaidi. Tuseme kikundi kimetunga mchezo uitwao Nahodha Mgonjwa. Jahazi limepakia boriti za mikoko kutoka Rufiji kwenda Unguja, nahodha ameshikwa na homa njiani, na mabaharia waliobaki hawaaminiani. Wazo linatosha. Rasimu yao ya kwanza ya kanuni inasema hivi:

"Rusha dadu ukitaka kufanya kitu kigumu. Ukipata namba kubwa umefaulu."

Usiwasahihishie. Waambie wampe msomaji mwingine karatasi hiyo, naye aulize kila anachotaka kuuliza. Nani anaamua kwamba kitu ni kigumu? Dadu ngapi? Kubwa kuanzia ngapi? Nisipofaulu, kinatokea nini, au tunakaa tu? Swali la mwisho ndilo zito. Watunzi wapya karibu wote husahau kuandika kushindwa, na mchezo wao hukwama palepale dadu inapotoka vibaya: mlango haukufunguka, basi, wote wanatazamana. Baada ya maswali hayo, rasimu ya pili inaweza kusomeka hivi:

"Mhusika wako akifanya jambo ambalo bahari, upepo au mtu mwingine anaweza kulizuia, msimulizi atasema: Rusha. Rusha dadu mbili, zijumlishe, kisha ongeza Nguvu yako au Ujuzi wako. Ukipata 10 au zaidi, umeweza. Eleza mwenyewe ilivyokuwa. Ukipata 7 hadi 9, umeweza, lakini chagua moja: jahazi linaingia maji, shehena inapungua, au mwenzako mmoja anakukasirikia. Ukipata 6 au chini, msimulizi anaeleza kilichoharibika, na hakirudi kilivyokuwa."

Tazama kilichobadilika. Anayeamua anajulikana. Namba zinajulikana. Kila matokeo yanaisukuma hadithi, na yale ya katikati, ambayo yatatokea mara nyingi, yanamlazimisha mchezaji kuchagua kati ya mambo matatu yanayouma. Hofu ya safari ile imeingia ndani ya kanuni yenyewe. Haitegemei ufasaha wa msimulizi.

Wafundishe kuandika sentensi fupi zenye mtenda. "Dadu hurushwa" inaficha mrushaji. "Mchezaji aliye kushoto kwako anarusha dadu" haimfichi. Jambo moja lipewe jina moja kurasa zote: kama ni Nguvu ukurasa wa kwanza, isije ikawa Uwezo ukurasa wa pili kwa kuogopa kurudiarudia. Mwalimu wa insha amewafundisha kupamba maneno, na huko ni sahihi. Kwenye kanuni pambo linapoteza watu. Mapambo yawekwe kwenye maelezo ya bahari na watu.

Lugha za vijana hazifanani, na sioni sababu ya kuzifananisha. Mhusika wa Nairobi aseme Sheng, wa Lubumbashi aseme Kiswahili cha kwao, wa Lamu aseme Kiamu. Lakini kanuni ziandikwe kwa Kiswahili ambacho kijana wa Tanga na wa Bujumbura wote watakifuata.

Kisha kila mchezo uwe na mfano wa mazungumzo ya mezani, mistari kumi hivi. Wageni hujifunza zaidi kutoka hapo kuliko kutoka popote pengine. Wa Nahodha Mgonjwa ungekuwa hivi:

Msimulizi: Usiku wa pili. Upepo wa kusi umekaza, foromali inalia. Nahodha amelala shetrini, homa imempanda, na maji yamezifikia boriti za chini. Mnafanya nini?

Baharia: Nashuka ngamani kufua maji.

Mpishi: Mimi nampelekea nahodha uji. Namwambia, "Shikamoo nahodha, kunywa kidogo. Miamba iko upande gani?"

Msimulizi: Marahaba, anasema, halafu anaanza kumwita mamaye. Tutarudi kwako. Baharia, rusha, ongeza Nguvu.

Baharia: Tano na mbili, saba. Nguvu yangu moja. Nane. Nachagua shehena ipungue. Nazitupa boriti kumi baharini nipate pa kusimama.

Mpishi: Boriti za mjomba wangu hizo!

Msimulizi: Na mjomba wake anawangoja Malindi, bandarini Unguja. Andikeni.

Msomaji aliyesoma mistari hiyo ameshaona nani anasema lini, dadu zinaingia wapi, na kwamba kuongea kwa sauti ya mhusika kunaruhusiwa lakini hakulazimishwi.

Kujaribisha

Mchezo ujaribiwe mara tatu kwa uchache. Mara ya kwanza mtunzi mwenyewe awe msimulizi, agundue yaliyo wazi. Mara ya pili kikundi kingine kipewe karatasi, na mtunzi akae nyuma yao na daftari, amekatazwa kusema neno. Si kujibu swali, si kucheka kwa kuashiria, si kukohoa. Ni mateso, na vijana watakulalamikia. Shikilia. Kila swali wanaloulizana wachezaji ni sentensi inayokosekana kwenye karatasi. Kila kanuni waliyoielewa vibaya imeandikwa vibaya, kwa kuwa mtunzi hatakuwapo Sumbawanga kumsahihisha mtu. Mara ya tatu karatasi iende kwa watu wasiowajua kabisa: shule jirani, vijana wa msikitini au kanisani, binamu walio mkoa mwingine.

Baada ya kucheza, mtunzi asiulize "Mmeupenda?" Watoto wetu wamelelewa kwa adabu, watasema ndiyo, umependeza sana, na hakuna atakachokuwa amejifunza. Aulize: Mlikwama wapi? Kanuni ipi hamkuitumia? Ni wakati gani mlitamani uishe? Na aandike yale aliyoyaona kwa macho: nani alisoma ukurasa mara mbili, nani alitoa simu mfukoni, wakati gani wote walisogea mbele kwenye viti. Kanuni ambayo hakuna aliyeitumia katika majaribio yote matatu ifutwe, hata kama ndiyo aliyoipenda kuliko zote.

Usalama wa meza na wasiwasi wa wazazi

Hadithi zinazotungwa papo hapo zinaweza kugusa vidonda. Kijana aliyefiwa mwezi uliopita hatakiwi kusikia mama wa mhusika wake akiuawa kwa sababu tu dadu zimetoka vibaya. Tumia kadi ya X ya John Stavropoulos: kadi yenye alama ya X inawekwa katikati ya meza, na yeyote akiigusa, jambo lililosemwa linaondolewa kwenye hadithi, na hakuna anayeuliza kwa nini. Kabla ya kuanza pia wakubaliane mambo ambayo hayataingia kabisa. Kwa vijana walio chini ya miaka 18, mapenzi ya kimwili na ukatili wa kingono yasiingie hata kwa kupigiwa kura. Hilo ni lako wewe mlezi kuliamua. Fundisha pia kwamba vifaa hivi viandikwe ndani ya mchezo uliochapishwa, maana anayeununua naye ana meza yake.

Wazazi watauliza kuhusu uchawi na mashetani. Wasiwasi huu si mgeni: Marekani miaka ya 1980 palikuwa na kampeni kubwa dhidi ya Dungeons & Dragons, na chama cha kuupinga kilianzishwa mwaka 1983, kikidai mchezo huo unawaingiza vijana katika ushetani na kujiua. Madai hayo hayakuthibitika. Lakini usimjibu mzazi kwa historia ya Marekani. Mwalike akae mezani, mpe mhusika, mchezeshe nusu saa. Na kama mchezo fulani wa kijana unagusa imani ya watu kwa namna ya kudharau, sema hivyo waziwazi na mtafute njia nyingine ya kuleta hofu ileile.

Karatasi, wino na haki

Mpangilio wa kurasa usiwale muda. LibreOffice ni ya bure na inaweza kuchapa kurasa kwa mtindo wa kijitabu. Scribus nayo ni ya bure kwa mwenye subira. A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne za A5, kwa hiyo idadi ya kurasa za kijitabu lazima igawanyike kwa nne: nane, kumi na mbili, kumi na sita. Herufi zisiwe chini ya ukubwa wa 10. Picha zichorwe kwa wino mweusi, kwani penseli hufifia kwenye fotokopi na rangi zinamaliza pesa. Jalada liwe la manila. Tafuta stepla ya mkono mrefu inayofika katikati ya karatasi; duka la kutoa kopi lililo karibu na chuo kwa kawaida linayo. Hata hiyo ikikosekana, karatasi moja ya A4 ikikunjwa mara tatu na kukatwa mara moja katikati inakuwa kijitabu cha kurasa nane bila pini yoyote.

Chapeni nakala chache kwanza, labda ishirini, kwa sababu kosa litaonekana saa moja baada ya kutoka dukani. Siku ya kuchapa itajwe tangu mkutano wa kwanza na isisogezwe. Vijana wasiomaliza kwa kukosa tarehe ni wengi kuliko wasiomaliza kwa kukosa kipaji.

Haki za utunzi zifundishwe kwa mifano. Sheria hulinda maandishi na picha. Wazo na utaratibu wa kucheza havilindwi. Kijana anaweza kutumia mpango wa 10, 7 na 6 bila kumwomba mtu ruhusa, lakini hawezi kunakili aya za kitabu wala kuchukua picha kutoka intaneti kwa kuwa tu imeonekana. Baadhi ya watunzi huruhusu zaidi: kanuni za msingi za Dungeons & Dragons, zile zinazoitwa SRD 5.1, zilitolewa Januari 2023 kwa leseni ya Creative Commons, na yeyote anaweza kuzitumia akitaja zilikotoka. Kazi ya kijana inalindwa tangu anapoiandika. Kuisajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA nchini Tanzania au KECOBO nchini Kenya, kunasaidia panapotokea mgogoro. Na hapa niseme kwa mkazo: mchezo ni wa kijana. Si wa shule, si wa klabu, si wako. Jina lake liwe kwenye jalada, la mchoraji liwepo, na la waliojaribisha liwe ukurasa wa nyuma. Akiwa chini ya miaka 18 mzazi aridhie kwa maandishi, na anaweza kutumia jina la kalamu. Namba ya simu na jina la shule visiwekwe.

Kwa wasomaji wa mbali, tengenezeni PDF nyepesi inayopita WhatsApp bila kumaliza bando. Katika itch.io, soko la michezo lililoanza 2013, mtunzi anaweza kuweka mchezo bure au kumwachia mnunuzi alipe anachotaka. Akaunti iwe ya mzazi au mlezi, kwa kuwa malipo hupitia huduma kama PayPal zinazomtaka mtu mzima. Ushauri wangu ni kuutoa mchezo wa kwanza bure mtandaoni, na kuuza vijitabu vya karatasi kwa mkono kwenye mahafali, maonyesho ya vitabu na siku ya wazazi. Pesa za vijitabu zirudishe gharama ya karatasi, zinazobaki wagawane walioandika na kuchora, mbele ya wote.

Mkiwa na mkusanyo wa michezo mitano au sita, ombeni ISBN kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba kwa walio Tanzania, au Maktaba ya Taifa kwa walio Kenya, na mpeleke nakala mbili kwenye maktaba ya mkoa au kaunti yenu pamoja na dadu mbili ndani ya bahasha. Mkutubi aombwe kuziweka kwenye rafu ya vijana, zisifungiwe kabatini.

Usingoje wizara ilete mtaala wa jambo hili. Waite vijana watano Jumamosi hii, nunua dadu, na uwe wewe msimulizi wa kwanza.